Alikatwa 5% akajua kodi imeisha: kisa cha mtaalamu wa nyuki Tabora mwenye mshahara na konsaltansi pembeni

Mwenye kisa kaniruhusu niandike kwa sharti moja, jina lake lisitoke wala la mwajiri wake wala la mashirika yaliyompa kazi, na namba nimezizungusha kidogo ili hesabu isomeke, ila mpangilio wa mambo ni ule ule ulivyotokea. Ni kijana wa hapa Tabora mjini, kaajiriwa kampuni binafsi kama mtaalamu wa ufugaji nyuki, mshahara 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato, na wikiendi pamoja na siku zake za likizo anafanya konsaltansi, yaani anaenda Sikonge, Uyui, Urambo kufundisha vikundi vya wafugaji namna ya kuachana na mizinga ya magome inayoua miti na kuhamia ya kisasa, kurina bila kuteketeza kundi, kuchuja, kupunguza maji kwenye asali ili isichachuke, mambo kama hayo. Ni kazi ninayoiheshimu sana, kuna vijiji asali ndo inalipa ada za shule na huyu kijana anajua anachokifanya. Ndo maana iliniuma kuona hela yake ya jasho inavyomletea presha.

Mimi natunza vitabu vya hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa mjini, na alikuja kwangu Mei 2024 akiwa na kitu kidogo tu alichodhani ni cha kumaliza siku hiyo hiyo. Shirika moja lilitaka kumpa kazi kubwa zaidi na likamwambia alete leseni ya biashara na klirensi ya kodi, yaani cheti cha kuonyesha hana deni la kodi. Akaona ni makaratasi, nimsaidie kujaza. Nikamuuliza mwaka 2023 ulipeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka mzima? Akanijibu, "Dada, mimi kodi nimeshalipa, mshahara wanakata kila mwezi na hizi za konsaltansi wananikata asilimia 5 juu kwa juu kabla hela haijaingia, sasa ritani ya nini tena?"

Hapo ndo penye kisa chote na naomba msomaji mwenye mshahara na kazi ya pembeni atulie hapa hapa, kwa sababu nimeshakutana na watu wengi waliosoma vizuri tu, wahandisi, walimu wa vyuo, wataalamu wa afya, wote wanaamini hivyo hivyo.

Ile 5% inaitwa kodi ya zuio kwenye ada ya huduma. Anayekulipa anaizuia na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako na TIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi. Kwa mtu anayefanya biashara sio kodi ya mwisho, ni malipo ya awali tu, kitu umetanguliza. Kodi yenyewe inakuja kupigwa mwisho wa mwaka kwenye faida yako, na hapo unachanganya mapato yote, ya ajira na ya biashara, yanakuwa fungu moja, unatafuta kodi ya lile fungu zima, alafu ndo unatoa ulichokwisha kukatwa kwenye mshahara na ile 5%. Kinachobaki unadaiwa wewe.

Sasa kwenye kuchanganya ndo watu wanaumia. Tuanze na mshahara. Kwenye 1,200,000 unatoka mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10%, yaani 120,000, inabaki 1,080,000 ndo ya kutozwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8%, mpaka 760,000 ni 20%, mpaka 1,000,000 ni 25%, na kila kinachozidi milioni ni 30%. Kwahiyo yeye anakatwa 128,000 ya hiyo milioni ya kwanza na 30% ya 80,000 iliyobaki, jumla 152,000 kila mwezi, kwa mwaka 1,824,000. Chukua madaraja hayo kama ndoo zimepangwa, asali inaanza kujaza ya chini ndo ipande ya juu. Mshahara wake peke yake umeshajaza ndoo zote nne za chini na umeanza kumwagikia ile ya 30%. Hela ya konsaltansi ikija haikuti nafasi kwenye ile ya bure wala ya 8%, inaingia moja kwa moja ya juu. Yaani kila shilingi 100 ya faida ya pembeni, 30 sio yake, na yeye alikuwa anadhani ni 5.

Nilivyomwambia hivyo alikaa kimya kidogo alafu akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia lete kila kitu ulichonacho, invoisi, meseji za benki, meseji za simu, risiti, tupige hesabu tuone.

Alileta mfuko wa plastiki wa risiti. Tulitumia jioni kadhaa, na picha iliyotoka ni hii. Mwaka 2023 alitoza jumla 18,000,000. Kati ya hizo 12,000,000 zilitoka kwenye mashirika, malipo matatu ya milioni 4 kila moja, zikakatwa 5% yaani 600,000, akapokea 11,400,000. Zilizobaki 6,000,000 zilitoka kwenye vikundi na mtu mmoja mwenye shamba kubwa la mizinga, hao walimlipa kwa simu hela nzima bila kukata chochote. Hizo 6,000,000 yeye kwenye akili yake hazikuwa hata biashara, aliziita "hela za vikundi". Kodi haijali umeziita nini, ni mapato.

Kuna rafiki yake alikuwa amemshauri aende akakadiriwe kama wenye maduka, alipe laki na kitu kwa mwaka, yaishe. Huo ushauri unasambaa sana na kwa mtu kama huyu haufai kabisa. Ule mfumo wa wafanyabiashara wadogo wanaolipa kwa kuangalia mauzo ni kwa mtu ambaye mapato yake ni biashara tu, na huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi na za mafunzo zimetolewa humo. Yeye ana ajira na anafundisha, kwahiyo milango yote miwili imefungwa kwake. Anaingia kwenye utaratibu wa kawaida wa faida, vitabu, makadirio na ritani.

Habari njema ya huo utaratibu ni kwamba unatozwa kwenye faida sio kwenye mauzo. Gharama uliyoingia ili upate yale mapato unaitoa. Na hapa ndo nilitumia muda mwingi naye kwa sababu kila karatasi lilikuwa na thamani. Mafuta na sevisi za pikipiki tulipata 1,850,000, hapo nimeshatoa mafuta ya kwenda kazini kwake kila siku na ya kumpeleka mama watoto sokoni, alitaka kuingiza yote nikamkatalia, ile safari ya kwenda kwa mwajiri sio gharama ya konsaltansi. Lodge za Sikonge na Urambo 1,200,000. Vifaa vya mafunzo, mavazi ya kurinia, glavu, bomba za moshi, ndoo, vitambaa vya kuchujia, 1,150,000. Vocha na bando 300,000. Kudurufu na kuchapisha vijitabu 150,000. Alafu laptopu, alinunua 2,000,000 mwaka huo huo, yeye akaiandika yote 2,000,000 kama gharama, lakini kitu cha kudumu hakitolewi chote kwa mkupuo, kompyuta ziko kwenye kundi la uchakavu wa 37.5% kwa mwaka, kwahiyo 2023 anatoa 750,000, na mwaka unaofuata anatoa 37.5% ya 1,250,000 iliyobaki ambayo ni 468,750, inaendelea hivyo. Jumla ya vyote 5,400,000.

Lakini kuna 1,600,000 ilipotea hivi hivi. Alichongesha mizinga 16 ya maonyesho kwa fundi wa Ng'ambo, 60,000 kila mmoja, 960,000 yote, fundi mzuri mbao safi lakini risiti hamna, hata karatasi ya mkono hamna. Nyingine 640,000 ni bodaboda za vijijini pale pikipiki yake ilipoharibika, chakula cha washiriki alichonunua kwa mama lishe, na vitu vidogo vidogo. Alizitumia kweli, mimi sina shaka hata kidogo, mizinga yenyewe ipo kwenye vikundi mpaka leo. Ila gharama isiyo na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, haikubaliki, basi. Ile 960,000 ya mizinga peke yake imemgharimu kodi ya 288,000, ambayo kama angemwambia fundi mbao na misumari zinunuliwe duka linalotoa risiti kwa TIN ya huyu kijana, alafu yeye amlipe fundi ufundi tu, sehemu kubwa ingeokoka. Sasa hivi anafanya hivyo hivyo.

Kwahiyo faida: 18,000,000 toa 5,400,000 ni 12,600,000. Mapato ya ajira ya kutozwa kwa mwaka ni 12,960,000. Jumla 25,560,000. Kwa mwaka, milioni 12 za kwanza kodi yake 1,536,000, na 30% ya zilizozidi yaani 13,560,000 ni 4,068,000, jumla 5,604,000. Toa 1,824,000 ya mshahara, inabaki 3,780,000, ambayo ukiangalia ni 30% kamili ya faida ya pembeni. Toa 600,000 ya zuio. Anadaiwa 3,180,000.

Alikuwa na 700,000 kwenye akaunti.

Hela imeenda wapi? Hakuchezea. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wakisikia mtu kapokea milioni kumi na kitu za pembeni wanadhani kanywa. Kiwanja Ipuli, msingi, tofali, kufika lenta, ada ya mtoto, na matibabu ya mama yake yaliyochukua hela nyingi. Kila malipo yalipoingia yalikuwa na jina kabla hayajafika. Wifi yangu, yaani mke wake, alikuwa anajua kila senti ilikokwenda, tatizo hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya kila malipo kulikuwa na sehemu ambayo sio ya kwao. Hela ya kodi ilikuwa imesimama Ipuli, imekuwa ukuta, na ukuta huwezi kuupeleka benki.

Kabla ya kufikia malipo kulikuwa na jambo la vyeti. Ile 600,000 ya zuio haitoki kwenye hesabu kwa maneno, unatakiwa uwe na cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo. Alikuwa na viwili, cha malipo ya tatu hakupewa, 200,000 ipo hewani. Aliyemkata alitakiwa kupeleka hela ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na kumpa cheti. Ilibidi aandike barua, apige simu, aende mwenyewe, mpaka kikatoka. Angekaa kimya angelipa 200,000 mara mbili. Siku hizi hamalizi kazi bila cheti, anaandika kabisa kwenye mkataba kwamba cheti kitolewe pamoja na malipo, na nadhani kila mtu anayekatwa zuio afanye hivyo, sio ubishi ni hela yako.

Sasa kalenda. Mwaka wa kodi ni Januari mpaka Desemba. Mwenye biashara anatakiwa apeleke makadirio ya mwaka husika kufikia Machi 31, akisema natarajia kupata faida kiasi hiki, alafu analipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha anapeleka ritani yenye hesabu halisi ndani ya miezi 6, yaani mpaka Juni 30. Makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka mambo yakibadilika, ila usijipunguzie makusudi, ukikadiria chini ya 80% ya kodi halisi kuna riba inakufuata.

Kijana wetu hakuwahi kukadiria chochote 2023, kwahiyo adhabu na riba za hapo zilikuwa haziepukiki. Ritani ya 2023 ilikuwa bado ipo ndani ya muda, tulikuwa Mei. Lakini makadirio ya 2024 nayo Machi ilishapita na yeye yupo kazini anaendelea kutoza. Tulikadiria mapato 20,000,000, gharama 7,000,000, faida 13,000,000, kodi 3,900,000, zuio analotarajia kukatwa 650,000, inabaki 3,250,000, gawa kwa nne ni 812,500. Awamu ya Machi imepita na ya Juni imefika, kwahiyo Juni anatakiwa alete mbili, 1,625,000. Weka na 3,180,000 ya mwaka jana. Juni 2024 peke yake ilikuwa inamdai 4,805,000 kabla ya riba, na mshahara unaoingia mkononi ni 928,000.

Huo mwezi wa Juni wa mwaka wa kwanza ndo unaowavunja watu. Unakutana na mwaka uliopita wote na nusu ya mwaka uliopo kwa wakati mmoja. Wengi wakifika hapo wanakimbia, wanabadilisha namba ya simu, wanaomba kulipwa kwa jina la shemeji, na mimi nawaambia kwa upendo kabisa msifanye hivyo, yule uliyeandikiwa jina lake TIN yake ndo inayobeba yale mapato, mnahamishia mzigo kwa ndugu asiye na habari.

Yeye alikuja na wazo lingine, akope. Kuna watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, walishamwambia milioni 4 anapata siku hiyo hiyo. Nilimwambia mdogo wangu, heri uiombe mwenyewe serikali muda kuliko kumpa mtu wa riba ya wiki ufunguo wa nyumba yako. Sheria inaruhusu mlipa kodi kuomba kwa maandishi kulipa kwa awamu akieleza hali yake. Tuliandika barua fupi ya kweli, tukaambatanisha hesabu, slipu za mshahara, taarifa ya benki, na tukapendekeza ratiba tunayoiweza. Alienda mwenyewe ofisi za TRA hapa mjini, hakutuma mtu. Tulipeleka ritani kabla ya Juni 30, akalipa awamu mbili za 2024 kutoka kwenye malipo ya kikundi yaliyoingia mwezi huo na ile akiba, na deni la 2023 likagawanywa mpaka mwisho wa mwaka. Riba iliendelea kuhesabiwa kwenye kilichobaki, hilo aelewe mtu anayetaka kufuata njia hii, awamu inakupa pumzi tu. Ujenzi ukasimama kwenye lenta. Wifi ndo aliyesema usimame, na nilimpenda sana kwa hilo.

TIN hakuhitaji mpya. Mtu ana TIN moja tu, yake ilikuwa ya ajira, tukaihuisha iwe na biashara ndani. Leseni akapata halmashauri, na risiti sasa anatoa kwa mfumo wa kielektroniki wa kwenye simu, ule wa VFD, bila kununua mashine.

Katikati ya haya shirika moja likaja na ofa ambayo ilionekana kama ukombozi. Wakamwambia sisi tutakuweka kwenye orodha ya mishahara kama ajira ya pili, tunakukata 30% tunapeleka, wewe hujui ritani wala makadirio. Ajira ya pili kweli inakatwa 30% moja kwa moja. Alitaka kukubali siku hiyo hiyo. Nikamwambia tulia, kwenye ajira huna kutoa mafuta, huna lodge, huna laptopu, 30% inapigwa kwenye hela yote. Kama 2023 yote ingekuwa hivyo angelipa 5,400,000 badala ya 3,780,000, tofauti 1,620,000, na pikipiki bado angejaza mafuta kwa hela yake. Kwa mtu asiye na gharama, mfano anayefundisha kipindi cha jioni mtaa wa pili, ajira ya pili inaweza kumfaa na inampunguzia kichwa kuuma. Kwa mtu anayezunguka porini mpaka Ipole na kurudi, hapana.

Kitu kingine tulichobadilisha ni uandishi wa invoisi. Alikuwa anaandika mstari mmoja tu, "mafunzo ya ufugaji nyuki 4,000,000", ndani yake kuna ada, mafuta, lodge, chakula cha washiriki, vyote. Ile 5% inakatwa kwenye yote na yote yanahesabika mapato yake, alafu anaanza kuhangaika kutafuta risiti kuyatoa. Sasa ada anaiandika peke yake, na chakula cha washiriki na ukumbi anawaambia shirika walipe wenyewe moja kwa moja kwa mama lishe na mwenye ukumbi. Mafuta na malazi yanarudishwa kwa risiti kwenye mstari wake. Mapato yake kwenye karatasi yamepungua na mfukoni hakupungukiwa kitu.

Akaunti alifungua nyingine, haina kadi, kazi yake moja, kutunza hela ya kodi. Utaratibu tuliokubaliana ni kwamba malipo yakiingia kutoka shirika lililokwisha kukata 5%, anahamisha 20% ya kilichoingia siku hiyo hiyo, na yakiingia kutoka kikundi ambacho hakikati anahamisha 25%. Nilijaribisha kwa namba za 2023 nione ingekuwaje, 20% ya 11,400,000 ni 2,280,000 na 25% ya 6,000,000 ni 1,500,000, jumla 3,780,000, na alidaiwa 3,180,000, angebaki na 600,000 ya kuanzia mwaka mwingine. Wenye mshahara mdogo kuliko wake wanaweza kuweka pungufu kwa sababu mshahara wao haujajaza madaraja ya chini, ila lazima upige hesabu yako mwenyewe usichukue asilimia ya mtu. Kinachonifurahisha kwenye utaratibu huu ni kwamba hela inahamishwa kabla ya kupewa jina. Ikikaa siku mbili kwenye akaunti ya nyumbani inaanza kuitwa bati.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hakuwa na haja nayo, kiwango cha kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu 2023 na yeye yupo mbali. Lakini wewe uliyesajiliwa na bodi ya taaluma, mhasibu, mhandisi, wakili na wengine wa namna hiyo, usijifiche nyuma ya hiyo milioni 200, watoa huduma za kitaalamu wanatakiwa kujisajili bila kuangalia mauzo, nenda ukaulize mapema kabla hujatoa invoisi ya kwanza. Na mtumishi wa umma anza na kibali cha mwajiri kabla ya yote hayo. Huyu wa kwetu ni sekta binafsi, mkataba wake ulimruhusu ilimradi asishindane na kampuni, tuliusoma wote wawili mstari kwa mstari.

Kuhusu kufungua kampuni aliniuliza sana kwa sababu kila mtu mjini anamwambia afungue. Kampuni nayo inatozwa 30% ya faida, alafu akitaka kutoa hela kama gawio inakatwa tena, na hesabu zinataka mkaguzi. Kwa mapato ya milioni 18 au 20 sioni kinachomsaidia kwenye kodi. Akianza kuajiri wakufunzi wengine tutaongea upya.

Deni la 2023 lilimalizika Desemba 2024, na makadirio ya 2025 aliyapeleka Machi akiwa na awamu ya kwanza tayari kwenye ile akaunti isiyo na kadi. Lakini mabadiliko makubwa zaidi kwa maoni yangu hayakuwa ya TRA, yalikuwa ya bei. Nilimkalisha siku moja tukafanya hesabu ambayo hakuwahi kuifanya, ya hela iliyobaki mkononi kweli. Mwaka 2023 alitoza 18,000,000. Gharama zenye risiti bila laptopu 4,650,000, laptopu 2,000,000, zisizo na risiti 1,600,000, hela zilizotoka ni 8,250,000. Inabaki 9,750,000. Toa kodi 3,780,000. Alibaki na 5,970,000. Alifundisha kama siku 60 mwaka ule, kwahiyo siku moja aliyokuwa anaitoza 300,000 ilimwachia 99,500, na hapo hatujahesabu usiku wa kuandika ripoti.

Aliniangalia akasema, "Kumbe dada nilikuwa nawapangia watu bei bila kujua mimi mwenyewe nauza nini." Akapandisha ada kuwa 350,000 kwa siku, safari zinalipwa pembeni. Mwenye shamba kubwa alikataa akatafuta mtu mwingine. Mashirika yote mawili yalikubali bila hata kujibizana, na vikundi vya Sikonge aliwaachia bei ya zamani kwa sharti wao wampe usafiri kutoka Sikonge mjini na chumba cha kulala kijijini, wakakubali, na ndo kazi anayosema anaipenda kuliko zote.